Mgongo wa Tyson na Swali la Jirani Yetu



Wapendwa wasomaji, wengi wenu mnalikumbuka swali ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Bwana alizikataa njia zote mbili. Nimelisikia somo hilo tangu utoto. Katika likizo iliyopita lilinirudia mahali ambapo sikulitarajia, uani kwa mama yangu mdogo jijini Mbeya, na aliyekuwa amelala chini bila kuweza kuinuka hakuwa mtu, alikuwa mbwa. Naomba niwashirikishe yaliyotokea na yale niliyojifunza, maana mambo haya yanagusa falsafa tunayoisoma darasani na pia maisha ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo.

Mbwa wa kizungu aletwa Forest

Mama mdogo ni mjane, anaishi mtaa wa Forest. Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, anafanya kazi Iringa. Alinunua Dar es Salaam mbwa aina ya buldogi wa Kiingereza, akampa jina la Tyson, kwa matumaini ya kumzalisha na kuuza watoto wake. Kazi ilipoanza kumpeleka vijijini kila wiki, alimpakia kwenye gari, wakapita Mafinga, Makambako na Igurusi, akamkabidhi kwa mama yake Mbeya.

Watoto wa mtaani walikuwa wakija getini kumwangalia. Uso umekunjamana, kifua kipana, miguu mifupi, na mkia mdogo uliojisokota kama skrubu. Mama mdogo, aliyezoea mbwa wetu wa kienyeji wanaokula ukoko wa ugali na kulala nyuma ya banda la kuku, alimtazama na kucheka: “Huyu atalinda nini? Akibweka mara mbili tayari anahema.” Usiku alikoroma mpaka mlinzi akalalamika. Lakini alikuwa mpole kupita kiasi, na baada ya mwezi mmoja mama mdogo hakuwa anakunywa chai ya asubuhi bila Tyson kulala miguuni pake.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ilipokolea, Tyson aligoma kupanda ngazi mbili za barazani. Tulidhani ni baridi. Baadaye tuliona anatembea nyuma ikiyumba kama mlevi, na akipita kwenye sakafu ya saruji kucha za miguu ya nyuma zinakwaruza. Nilipozitazama, zilikuwa zimesagika kwa juu. Mlinzi alisema ni uvivu wa mbwa aliyedekezwa, akamchapa kwa fimbo ili ainuke. Mama mdogo alimkataza kwa ukali. Nilimkumbuka punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, aliyepigwa mara tatu na bwana wake kwa sababu aliiacha njia na mwishowe akalala chini, kumbe alikuwa na sababu ambayo bwana wake hakuiona. Siku chache baadaye miguu yote miwili ya nyuma ilikataa kabisa. Alijivuta kwa miguu ya mbele na kukojoa palepale alipolala.

Kidole kilichobanwa na kichwa kilichogeuka

Daktari wa mifugo alipofika hakumgusa kwanza. Aliuliza kama mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa, na kama ameng'atwa au amebadilika tabia. Alieleza kuwa kichaa cha mbwa si lazima kije na ukali. Kuna namna yake inayokuja kimya, kwa kulegea na kupooza, na watu huambukizwa kwa sababu wanamhurumia mnyama na kumfungua mdomo. Mama mdogo alileta kadi ya chanjo. Ndipo daktari akapiga magoti.

Aliuchukua mguu wa nyuma, akaukunja ili mgongo wa wayo uguse sakafu, akauacha. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Tyson aliuacha hivyohivyo, kana kwamba hajui uko wapi. Kisha daktari akakibana kidole cha mguu kwa koleo ndogo. Mguu ukajikunja. Mimi nikafurahi, nikasema, “Anahisi!” Daktari akatikisa kichwa. “Hapana, Frateri, hiyo bado si dalili ya maumivu. Mguu unaweza kujikunja kwa amri ya uti wa mgongo peke yake, bila habari kufika kichwani. Mtazame usoni.” Akabana tena, kwa nguvu zaidi. Safari hii Tyson aligeuza kichwa, akautazama mguu wake, akatoa mlio mdogo. Daktari akashusha pumzi. “Hapo sasa. Habari inafika. Kuna matumaini.”

Wapendwa, mimi ninasoma falsafa. Katika historia ya falsafa ya zama mpya tunamsoma Descartes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1637 alifundisha kuwa mnyama ni kama mashine, anasogea kama saa inavyosogea, bila roho ya kufikiri ndani yake. Tulijadili jambo hilo darasani kwa saa nzima, wengine wakimtetea. Pale uani nililiona likipimwa kwa koleo. Mguu uliojikunja ungeweza kuitwa mashine, na daktari mwenyewe alikubali hivyo. Lakini kichwa kilichogeuka kilikuwa jambo jingine. Kulikuwa na mtu wa kupokea habari. Au tuseme, kwa kuwa si mtu, kulikuwa na kiumbe chenye nafsi inayohisi. Ndivyo Aristotle alivyofundisha, na Mtakatifu Thomas wa Akwino akamfuata: mmea una nafsi ya kukua, mnyama ana nafsi ya kuhisi, binadamu ana nafsi yenye akili. Mnyama hana akili ya kuyatafakari maumivu yake, lakini maumivu anayo. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari. Sasa yana sura ya Tyson.

Daktari akatufafanulia mgongo. Ukiacha mkia, mbwa ana pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 zilizoungana za nyonga. Ndani yake hupita kamba ya mishipa ya fahamu, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani chenye ute wa kupunguza mshtuko. Kwa buldogi matatizo mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni pingili zinazoumbika vibaya tangu tumboni, zikiwa na umbo la kabari badala ya kuwa sawasawa, hivyo mgongo unapinda na kuibana ile kamba. La pili ni kisahani kugumu mapema na kupasuka, ute wake ukaigandamiza kamba ghafla. Tena nyonga za mbwa hawa mara nyingi hazikai vizuri kwenye vikombe vyake. Bila picha asingeweza kusema kwa hakika ni lipi, na vipimo vikubwa viko mbali. Kama hali ingezidi kuwa mbaya, alisema, shauri lake lingekuwa Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwa kuwa maumivu yalikuwa bado yanafika kichwani, tiba ya kuanzia ilikuwa dawa ya kupunguza uvimbe na kupumzika kabisa kwa wiki sita katika banda dogo.

Kisha akaushika ule mkia uliowafurahisha watoto wa mtaa. “Huu nao ni pingili zilizopinda,” akasema. “Watu wanaupenda, wanautafuta. Lakini kasoro inayousokota mkia mara nyingi haiishii mkiani, inapanda mpaka mgongoni.”

“Na wangu?”

Mama mdogo hakuhitaji kufundishwa uuguzi. Baba mdogo alipatwa na kiharusi, akalala kitandani miaka miwili kabla ya Mungu kumwita, na ni yeye aliyemgeuza usiku na mchana ili asipate vidonda. Sasa alimgeuza Tyson vilevile. Alipitisha khanga kuukuu chini ya tumbo lake, akashika ncha mbili kama mpini wa kikapu, na kumtembeza hatua chache ili ajisaidie. Daktari alimwonyesha namna ya kulibonyeza tumbo taratibu ili mkojo utoke wote, maana mkojo ukibaki huleta maradhi. Mtaani wakaanza kusema: mama fulani anamfunga mbwa khanga kama mtoto.

Jumamosi moja, baada ya sala za Jumuiya, mama mmoja jirani alibaki nyuma. Ana mtoto wa miaka minne aliyezaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, akapona kidonda, lakini miguu haina nguvu na mkojo haujizuii. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: “Dada, mbwa wako anafuatwa na daktari mpaka nyumbani. Na wangu? Kliniki ya mwezi huu amekosa kwa ajili ya nauli.” Akachukua kibegi chake, akaondoka.

Usiku ule mama mdogo hakula. Aliniuliza: “Mwanangu, wewe ndiye unayesoma huko. Niambie. Ninamkosea Mungu kumtibu mbwa huyu?”

Frateri wa mwaka wa falsafa si paroko, wala si mwalimu wa maadili. Lakini nilikuwa na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, tukaisoma pamoja kwenye meza ya jikoni, vifungu vya 2415 hadi 2418. Inafundisha pande mbili, na kila upande una uzito wake. Upande mmoja: wanyama ni viumbe vya Mungu, tunadaiwa wema kwao, na kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Upande wa pili: ni jambo lisilostahili kutumia kwa ajili yao fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza taabu ya binadamu. Mama mdogo alisikiliza, akaniomba nirudie kile kifungu cha mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu: “Basi kosa si khanga. Khanga haijamnyima mtoto kitu. Kosa ni kwamba yule mtoto anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa na sikujua kuwa amekosa kliniki.”

Mtakatifu Thomas anaeleza kuwa mtu anayezoea kuwahurumia wanyama huandaliwa kuwahurumia watu. Naamini ni kweli, lakini nimeona pia kuwa haiji yenyewe. Huruma inaweza kuingia kwa mbwa ikabaki hapohapo, kwa sababu mbwa hatudai nauli, hatuulizi maswali magumu baada ya sala. Inahitaji mtu aiamuru ivuke geti. Kesho yake mama mdogo alimpigia simu binamu akamwambia kuwa aliyemleta mbwa ndiye atakayelipa dawa zake zote. Fedha aliyokuwa ameiweka yeye kwa ajili ya dawa aliipeleka nyumba ya tatu.

Wiki iliyofuata alilipeleka jambo lile kwenye Jumuiya, wakaanza mchango wa kila mwezi wa nauli ya kliniki. Mzee mmoja aliuliza: “Kwa hiyo ilitupasa tukumbushwe na mbwa?” Hakuna aliyemjibu. Mama wa mtoto alikuwepo, akainamisha macho. Sijui kama alifarijika au aliona aibu, na sikuthubutu kumwuliza. Niliona tu kuwa mama mdogo alihamia kukaa karibu naye, na baada ya hapo akawa anakwenda kwake jioni. Yale aliyoyajua kwa kumwuguza mumewe, namna ya kugeuza mwili, kukagua ngozi kila siku, kupanga saa za kutoa mkojo, yalikuwa ndiyo hasa aliyoyahitaji mama yule.

Ni nani aliyetenda dhambi?

Hapa ndipo Yohane sura ya 9 iliponirudia. Mama yule aliwahi kumwambia mama mdogo kuwa watu wa ukoo walisema amelaaniwa, au alikosea jambo alipokuwa mjamzito. Wapendwa, tuseme wazi: huo ni uongo, na ni uongo unaomchoma mtu aliyekwisha kuchomwa. Mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi mama hajajua hata kama ni mjamzito. Madaktari wanashauri kina mama wapate foliki asidi kabla ya kushika mimba na mwanzoni mwake, kwa kuwa inapunguza sana hatari hiyo. Ushauri huo tuupeleke WAWATA na kwenye mafundisho ya ndoa, kwa ajili ya watoto watakaokuja. Lakini haumgeuzi mama yeyote kuwa mkosaji. Kwa swali la nani alitenda dhambi, jibu la Bwana kwa mtoto yule ni lilelile: si yeye wala wazazi wake.

Kwa Tyson, hata hivyo, swali hilo lina jibu. Mgongo wake umetengenezwa na watu. Buldogi walizalishwa Uingereza ili wapigane na fahali waliofungwa kamba, watu wakitazama na kushangilia. Sheria ya mwaka 1835 ilipiga marufuku mchezo huo. Katika falsafa tunajifunza visababishi vinne vya kitu: mada, umbo, mtendaji na kusudi. Kwa buldogi kusudi lilikufa mwaka ule, umbo likabaki. Halafu umbo likaanza kutafutwa kwa ajili yake lenyewe, kwenye maonyesho ya mbwa. Kila kizazi wakachaguliwa wenye uso mfupi zaidi, kichwa kikubwa zaidi, mkia uliosokotwa zaidi. Leo wengi wao hawawezi kupumua vizuri kwenye joto, na watoto wao wengi huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu vichwa havipiti. Mnamo Januari 2022 mahakama ya wilaya ya Oslo, Norwe, iliamua kuwa kuzalisha buldogi wa Kiingereza kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaliondoa katazo hilo kwa buldogi, ingawa ililibakiza kwa jamii nyingine ya mbwa. Hata majaji hawakuafikiana, lakini swali lenyewe limefika mahakamani. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mwanzo sura ya 1 inampa mwanadamu utawala juu ya wanyama. Utawala huo ni wa mtu anayetunza kitu cha mwenye mali. Mtunzaji anaweza kufuga, kuchagua mbegu bora, kupata ng'ombe wa maziwa mengi kama wale wa Rungwe na Njombe, na hiyo ni kazi njema. Lakini kuchagua kwa makusudi mfupa uliopinda kwa sababu picha yake inapendeza kwenye simu, kisha kuuza maumivu hayo kwa bei kubwa, si kutunza tena.

Haya hayakuwa nadharia kwa binamu yangu. Mtu mmoja wa Iringa mwenye buldogi jike alikuwa amekwisha kukubaliana naye bei, na kwa binamu fedha ile ilikuwa sehemu ya mpango wa kumalizia nyumba. Aliposhuka Mbeya mwishoni mwa wiki, Tyson alikuwa ameanza kusimama, akiyumba. “Si mnaona anapona?” akasema. Daktari akamjibu kwa heshima kuwa anayepona ni Tyson, si mbegu yake. Binamu alikaa barazani muda mrefu na simu mkononi. Mama yake hakumwambia neno. Alimpa ile khanga tu, akasema, “Mtembeze wewe leo.” Jumapili jioni alimpigia yule mtu wa Iringa kuvunja mapatano, na mwezi uliofuata Tyson akahasiwa. Nyumba bado haijapauliwa.

Mambo machache ya kuzingatia

Kwa kuwa baadhi yenu mnafuga mbwa, kwenye nyumba za mapadre na masista pia, niongeze haya niliyoyapata kwa daktari. Mbwa akilegea nyuma ghafla, usidhani ni uvivu na usimchape. Usimshike mdomo kabla hujajua habari ya chanjo yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa haitakiwi kukosekana, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huandaa kampeni za chanjo. Akikulamba kidonda au kukung'ata, osha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Kumsafirisha, mlaze juu ya ubao ili mgongo usijipinde. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za watu, zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Na kabla ya kununua mbwa wa kizungu, uliza kwanza wazazi wake wanatembeaje na kupumuaje, ndipo uulize bei.

Tyson hatakimbia tena kama zamani. Anatembea upande upande, na ngazi za barazani zimewekewa ubao wa mteremko. Mtoto wa nyumba ya tatu amehudhuria kliniki miezi minne mfululizo, na sasa analetwa kwa mama mdogo alasiri, anaketi mkekani. Huwa anacheka sana Tyson akikoroma. Mzee wa Jumuiya aliyeuliza swali lile ndiye anayekusanya mchango, na daftari lake halina jina lililorukwa.

Tuwaombee watoto wote wenye mgongo wazi na wazazi wao, na tuombe neema ya kuijua nyumba ya tatu kutoka kwetu.